Majibu Mawili Yaliyofanana, Alama Mbili Tofauti: Ushauri kwa Mwalimu Mpya Anayesahihisha

Jaribio la kwanza nililolitunga na kulisahihisha peke yangu lilikuwa la baiolojia, lenye alama 50, na waliolifanya walikuwa wanafunzi 94 wa mikondo miwili. Siku niliyorudisha karatasi, wanafunzi wawili wa mikondo tofauti, ambao walikuwa na desturi ya kujisomea pamoja, walinifuata baada ya kipindi wakaweka karatasi zao mezani pangu, zote zikiwa zimefunuliwa kwenye swali la sita. Swali hilo liliwataka waeleze kwa nini mmea hunyauka udongo wake unapotiwa chumvi nyingi, nalo lilikuwa na alama 5. Hoja zao zilikuwa zile zile, karibu kwa mpangilio ule ule, lakini mmoja nilikuwa nimempa alama 4 na mwenzake 2. Aliyepata 2 hakulalamika. Alisema kwa upole, "Mwalimu, naomba unionyeshe nilipokosea ili nisirudie." Nililisoma jibu lake mara mbili nikilitafuta kosa, na sikuliona.

Nilimwomba aniachie karatasi hadi siku iliyofuata, nikaenda nayo nyumbani nikiwa na uzito moyoni. Nilipokumbuka namna nilivyoifanya kazi ile, mambo yalianza kujieleza yenyewe. Mkondo wa kwanza niliusahihisha Jumamosi asubuhi, akili ikiwa imetulia. Mkondo wa pili niliumalizia Jumapili usiku, nikiwa nimekwisha kusoma jibu la swali lile lile mara sabini na zaidi. Yule aliyepata 4 alikuwa na mwandiko unaosomeka kwa raha na alizoea kunyoosha mkono darasani. Mwenzake aliandika maneno yaliyobanana, na sauti yake nilikuwa sijawahi kuisikia. Isitoshe, karatasi yake ilifuata mara tu baada ya ile ya mwanafunzi aliyejibu swali hilo kwa ukamilifu na kuchora hata mchoro wa seli. Baada ya jibu kama hilo, jibu lake la kawaida lilionekana dhaifu kuliko lilivyokuwa.

Niliingia kazini nikiamini kwamba mwalimu asiyemchukia wala kumpendelea mtu atasahihisha kwa haki bila jitihada nyingine yoyote. Katika jaribio lile sikuwa nimekusudia kumpendelea yeyote, na bado mwanafunzi mmoja alipoteza alama 2 ambazo mwenzake alipewa kwa maneno yale yale. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba nia njema haitoshi, na kwamba haki ya alama hutegemea zaidi namna mwalimu alivyoipanga kazi yake kabla ya kalamu kugusa karatasi. Ushauri wote ninaoutoa hapa unatokana na jambo hilo moja, kwa sababu mwalimu mpya akiamini kwamba tatizo liko katika tabia yake atajilaumu bure au atajitetea bure, na katika hali zote mbili karatasi zinazofuata zitasahihishwa vile vile.

Jambo hili limejulikana kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1888 mwanatakwimu na mwanauchumi Francis Edgeworth aliandika kuhusu takwimu za mitihani na kuonyesha kwamba sehemu ya alama anayoipata mtahiniwa hutokana na bahati tu, ikiwamo bahati ya kuangukia mikononi mwa msahihishaji huyu badala ya yule. Mwaka 1912, nchini Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott waliwapelekea walimu wengi wa shule za sekondari nakala za karatasi zile zile za somo la Kiingereza, na alama zilizorudi kwa karatasi moja ziliachana kwa zaidi ya 30 kati ya 100. Waliosikia matokeo hayo walisema kwamba lugha ni somo la maoni, hivyo tofauti hiyo si ajabu. Mwaka uliofuata watafiti hao walirudia zoezi kwa karatasi ya jiometri, somo ambalo wengi hudhani lina jibu moja, na tofauti ikawa kubwa zaidi: wako waliompa mwanafunzi chini ya 30 na wako waliompa zaidi ya 90. Walimu wale hawakuwa wabaya. Kila mmoja alikuwa na jibu lake binafsi kwa maswali ambayo hakuna aliyewauliza: je, unadhifu una alama, je, njia sahihi yenye jibu lisilo sahihi inastahili nini, je, hatua iliyorukwa inasamehewa?

Maswali hayo ndiyo kazi ya mwongozo wa usahihishaji, na hapa ndipo ningependa mwalimu mpya atumie muda wake mwingi. Katika jaribio langu la kwanza, nilichokiita mwongozo kilikuwa orodha ya majibu sahihi. Kwa swali la sita nilikuwa nimeandika: "Maji hutoka mizizini kwa osmosisi." Sentensi hiyo ilikuwa ya kweli, lakini haikusema alama 5 zinagawanywaje, na kwa kuwa haikusema, nilizigawa upya kila nilipofungua karatasi nyingine. Leo ningeliandika hivi: alama 1 kwa kusema kwamba maji ya udongoni yana mkolezo mkubwa wa chumvi kuliko maji yaliyomo katika seli za mizizi, alama 1 kwa kusema kwamba maji hutoka katika seli kwenda kwenye udongo, alama 1 kwa kutaja utando wa seli unaopitisha baadhi ya vitu na kuzuia vingine, alama 1 kwa neno osmosisi, na alama 1 kwa kueleza kwamba seli zikipoteza maji hulegea, na kwa hiyo majani na shina hulegea pia.

Mgawanyo wa namna hii hukulazimisha kuamua mapema mambo ambayo usingependa kuyaamua saa tano usiku. Mwanafunzi aliyeeleza safari yote ya maji kwa maneno yake mwenyewe bila kulitaja neno osmosisi amepoteza alama 1 tu, na hilo naliona ni sawa, kwa kuwa amelielewa jambo na kusahau jina lake. Aliyeandika "kwa sababu ya osmosisi" na kuishia hapo hupata alama 1 tu, hata kama neno lenyewe limeandikwa vizuri na kupigiwa mstari. Kabla ya kuwa na mwongozo wa namna hii nilikuwa nikimpa huyu wa pili alama 2 au 3, kwa kuwa neno la kitaalamu liliponivutia jicho nilidhani elimu iliyo nyuma yake ipo.

Nashauri pia mwongozo uandikwe siku ile ile ya kutunga maswali, kwa sababu hiyo ndiyo njia bora ninayoijua ya kugundua swali bovu likiwa bado halijafika kwa wanafunzi. Niliwahi kutunga swali lililosema, "Jadili umuhimu wa maji kwa viumbe hai," nikalipa alama 6. Nilipojaribu kuandika mwongozo wake nilishindwa. Je, mwanafunzi aliyetaja mambo kumi na mawili kwa neno moja moja apate zote? Na yule aliyeeleza mambo mawili kwa undani apate ngapi? Kosa lilikuwa katika swali, nami nilitaka kuwaadhibu wanafunzi kwa kutonisoma mawazo. Nililibadilisha likawa, "Eleza njia tatu ambazo maji huwawezesha viumbe hai kuishi," na kila njia ikapata alama 1 ya kuitaja na 1 ya kuieleza. Maneno kama taja, eleza, linganisha na fafanua yana uzito tofauti, na mwanafunzi ana haki ya kufundishwa uzito huo kabla hajapimwa nao.

Hata mwongozo ulioandikwa kwa uangalifu hautakamilika kabla ya kukutana na majibu yenyewe. Mimi huchukua karatasi kumi kutoka sehemu mbalimbali za rundo, nikazisoma bila kuandika chochote, kisha nikaurekebisha mwongozo ndipo nikaanza kusahihisha. Katika swali lile la chumvi, nilipolitumia tena mwaka uliofuata, mwanafunzi mmoja aliandika kwamba chumvi ikizidi inaweza pia kuudhuru mmea moja kwa moja inapoingia ndani yake. Hoja hiyo ni ya kweli kisayansi na haikuwamo katika mwongozo wangu. Mwalimu anayeng'ang'ania mwongozo angeikata. Mwalimu asiye na mwongozo angeipa alama kwa huyu na kuinyima kwa mwingine aliyeiandika kwa maneno hafifu. Nilichofanya ni kuiingiza katika mwongozo kwa kalamu ya rangi nyingine, nikaamua itachukua nafasi ya hoja ipi, kisha nikazirudia karatasi zote nilizokuwa nimekwisha kuzisahihisha. Kurudia huko kunachosha, nami nakiri kwamba zipo siku nilizotamani kujifanya sikuiona hoja mpya, lakini mabadiliko yasiyorudi nyuma huwapa haki wale tu ambao karatasi zao zilikuwa chini ya rundo.

Katika maswali ya hesabu, tatizo huwa ni kosa moja linaloadhibiwa mara nyingi. Chukua swali la kutafuta ukuzaji wa picha ya hadubini: mwanafunzi hupima picha kwa rula, hubadilisha milimita kuwa mikromita, kisha hugawa kwa ukubwa halisi. Picha ina milimita 40, yeye amepima 48. Amebadilisha vizuri akapata mikromita 48,000, amegawa vizuri kwa ukubwa halisi wa mikromita 80, akapata 600 badala ya 500. Nilipokuwa mgeni nilitazama jibu la mwisho, nikaona si lile ninalolitaka, nikaweka mkasi mwekundu kwenye swali zima. Mwanafunzi huyo amekosea kupima tu. Anajua kubadilisha vipimo na anajua kanuni ya ukuzaji, na kati ya alama 4 anastahili 3. Mwongozo utenge alama za njia na alama za jibu, na useme wazi kwamba hatua sahihi iliyojengwa juu ya kosa lililotangulia bado ni hatua sahihi. Na kama kosa limelirahisisha swali kiasi kwamba hatua zinazofuata hazikuhitaji ujuzi uleule, nalo liandikwe.

Sasa nije kwenye jambo lililonigusa zaidi, yaani jina lililoandikwa juu ya karatasi. Mwaka 1920 mwanasaikolojia Edward Thorndike alichunguza namna maofisa wa jeshi walivyowapima askari wao, akaona kwamba ofisa aliyemwona askari kuwa mzuri katika sifa moja alielekea kumpa alama za juu hata katika sifa nyingine zisizohusiana nayo. Mwalimu hupatwa na hali hiyo hiyo. Ukijua kwamba karatasi ni ya mwanafunzi hodari, sentensi yake yenye utata unaikamilisha wewe mwenyewe kichwani: "hapa alikusudia kusema hivi." Sentensi hiyo hiyo ikitoka kwa mwanafunzi unayemwona mzembe, unaisoma kama ilivyo, na pengine unaisoma kwa kuibana. Niseme ukweli: nilipozipitia upya karatasi za jaribio lile la kwanza, niligundua kwamba mwanafunzi mmoja aliyezoea kunivurugia kipindi alikuwa amenyimwa shaka karibu zote. Hakuna hata sehemu moja ambapo nilimpokonya alama iliyo wazi. Lakini kila palipokuwa na mashaka, mashaka hayo yaliamuliwa dhidi yake. Hilo liliniumiza kuliko makosa mengine yote, kwa sababu nisingeweza kuliona bila kulitafuta.

Dawa yake ni ya zamani. Katika China ya enzi ya nasaba ya Song, zaidi ya miaka 900 iliyopita, majina ya watahiniwa wa mitihani ya utumishi wa serikali yalifunikwa, na karatasi zikanakiliwa upya na makarani ili msahihishaji asimtambue mtu hata kwa mwandiko. Sisi hatuna makarani, lakini kuficha jina kunawezekana popote. Mimi huwaagiza wanafunzi waandike majina kwenye ukurasa wa nyuma, au waandike namba tu, na orodha ya namba hizo siitazami mpaka jumla zote ziwe zimeandikwa. Mwandiko nitaendelea kuutambua kwa wengine, na baada ya miezi kadhaa nitautambua kwa wengi. Hata hivyo, kutomwona mtu jina kunanipunguzia mvuto wa kwanza, nao ndio wenye nguvu.

Msaada mkubwa zaidi ulitoka kwenye badiliko moja dogo la utaratibu: nilianza kusahihisha swali moja kwa wanafunzi wote kabla ya kwenda swali linalofuata, badala ya kumaliza karatasi moja baada ya nyingine. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman amesimulia kwamba naye aliibadilisha njia yake hivyo, baada ya kugundua kwamba alama aliyoitoa kwa insha ya kwanza ya mwanafunzi ilikuwa ikiivuta alama ya insha ya pili. Alipoacha kuiona alama ya kwanza, alama za mwanafunzi yule yule zilianza kutofautiana, naye alipoteza ule uhakika aliokuwa nao hapo awali. Mimi pia niliupoteza, na sasa naona ilikuwa faida. Ukisahihisha swali moja mfululizo, mwongozo wake unakaa kichwani, majibu yanalinganishwa na kipimo kimoja, na mwanafunzi aliyeharibu swali la kwanza haingii swali la pili akiwa na doa. Ninapomaliza swali, nalichanganya rundo ili karatasi iliyokuwa ya mwisho isiwe ya mwisho tena, na alama za swali lililopita naziandika kwenye karatasi ya pembeni ili nisizione.

Uchovu nao una alama zake. Baada ya wiki mbili nilichukua karatasi 20 za jaribio lile, zile ambazo nilikuwa nimezinakili kabla ya kuzisahihisha, nikazisahihisha upya bila kutazama nilichotoa mara ya kwanza. Karatasi 7 zilitofautiana kwa alama 3 au zaidi kati ya 50. Nilikuwa mtu yule yule, nikiwa na majibu yale yale. Tangu hapo sisahihishi zaidi ya karatasi 20 bila kuinuka, na ninapomaliza swali narudi kuzisoma upya tano za mwanzo, kwa kuwa nimegundua kwamba huanza nikiwa mkali na kulegea kadiri ninavyoendelea. Mwenzangu mmoja huenda kinyume: huanza kwa upole na kumaliza kwa hasira. Kila mwalimu achunguze mwelekeo wake, maana bila kuujua hawezi kuurekebisha.

Kuhusu lugha, walimu hatukubaliani, nami nina msimamo wangu. Katika somo lisilo la lugha, jaribio linapima ujuzi wa somo hilo, na mwanafunzi asipoteze alama kwa sababu ya tahajia au sarufi mradi anachokisema kinaeleweka bila mimi kukibuni. Mpaka wangu ni pale kosa la herufi linapozaa neno lisilojulikana ni lipi. Mwanafunzi aliyeandika "osimosis" nampa alama yake. Aliyeandika "meitosisi" simpi, kwa sababu mitosisi na meiosisi ni mgawanyiko wa seli wa aina mbili tofauti, na neno lake limesimama katikati. Nikimpa alama nitakuwa nimemchagulia jibu. Wanafunzi wangu huelezwa kanuni hii mwanzoni mwa muhula, kwa mfano huo huo.

Huruma ndiyo iliyonitesa kwa muda mrefu. Mwanafunzi amepata 24 na kiwango cha kufaulu ni 25. Unajua amejitahidi, unajua kwamba alama moja itabadilisha namna atakavyojiona, nawe unairudia karatasi yake kutafuta mahali pa kuiongeza. Utapata, kwa kuwa ukiitafuta alama moja katika karatasi yenye alama 50 haikosekani. Nilifanya hivyo mara kadhaa mpaka nilipojiuliza mbona siwatafutii waliopata 23, na mbona siwarudii waliopata 26 kuona kama kuna alama niliyowapa kimakosa. Kurudia karatasi za upande mmoja wa mpaka hupandisha alama za waliobahatika kukaribia, na huwaacha wengine na makosa yangu. Sasa nikiamua kuhakiki mpaka, nahakiki karatasi zote kuanzia 22 hadi 27, majina yakiwa bado yamefichwa, na ninakubali kinachopatikana hata kama kitashuka. Na mwanafunzi aliye katika wakati mgumu namsaidia kwa njia nyingine: namkalisha nikamfundisha alipokwama, nampa nafasi ya kufanya jaribio lingine kama taratibu za shule zinaruhusu, nazungumza na mlezi wake. Alama ninaiacha iseme anachokijua, kwa sababu mwalimu atakayempokea mwakani ataiamini.

Kujumlisha sitakuzungumzia sana. Jumlisha kutoka juu, kisha kutoka chini, na hakikisha kila ukurasa umeguswa na kalamu, hata ule mtupu. Katika jaribio langu la kwanza karatasi 5 zilikuwa na jumla zisizo sahihi, na moja ilikuwa na ukurasa mzima ambao sikuufunua.

Kama una mwalimu mwenzako wa somo hilo hilo, mpe nakala kumi ambazo hazina alama zako, pamoja na mwongozo, naye azisahihishe. Nasisitiza zisiwe na alama zako, kwa sababu msahihishaji wa pili anayeiona alama ya kwanza huisogelea bila kujua. Mwalimu aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi alinifanyia hivyo katika muhula wangu wa pili. Tulipolinganisha, tulikuwa tumeachana sana kwenye maswali mawili tu, na mazungumzo yetu ya nusu saa yalihusu maneno ya mwongozo: neno "kulegea" linatosha, au lazima mwanafunzi ataje kupotea kwa maji? Hatukubishana hata mara moja kuhusu mwanafunzi. Nilijifunza zaidi katika nusu saa ile kuliko katika majaribio yangu mawili ya mwanzo.

Itatokea pia kwamba karibu darasa zima litashindwa swali moja. Usiharakishe kusema hawakusoma, wala usiharakishe kumwongeza kila mtu alama. Lisome swali kwanza kama mtu asiyejua ulichokuwa ukikifikiria. Mimi niliwahi kuwa na swali la alama 4 ambalo wanafunzi wanne tu kati ya darasa zima walilipata, na nilipolisoma upya niliona lina maana mbili zinazokubalika. Nilikokotoa asilimia ya kila mwanafunzi mara mbili, kwa kulihesabu swali hilo na kwa kuliondoa, kisha nikampa kila mmoja asilimia iliyokuwa kubwa. Wanne wale hawakupoteza walichokifanyia kazi, na waliobaki hawakubeba utata niliouandika mimi. Lakini kama swali ni zuri na jambo lilifundishwa, alama ibaki na somo lirudiwe.

Narudi kwa wale wanafunzi wawili. Nilipoandika mgawanyo wa alama wa swali la sita usiku ule, kisha nikayasoma majibu yao kwa mgawanyo huo, niliona kwamba yote mawili yalistahili alama 3. Aliyepewa 4 alikuwa amezidishiwa, aliyepewa 2 alikuwa amepunjwa. Nisingeweza kumpandisha mmoja tu na kulimaliza jambo, kwa maana palikuwa na karatasi nyingine 92 zilizosahihishwa kwa kipimo kile kile kisicho na kipimo. Nilizikusanya zote, nikalisahihisha upya swali la sita peke yake, na alama zikabadilika katika karatasi 31. Wanafunzi 19 walistahili kupanda na 12 walistahili kushuka. Niliwapandisha waliostahili kupanda, na wale 12 niliwaachia alama zao, kwa kuwa nilikwisha kuwatangazia na kosa lilikuwa langu, ingawa hadi leo sina hakika kwamba hiyo ilikuwa haki kamili kwa wenzao waliokuwa na 3 tangu mwanzo.

Kesho yake niliingia katika kila mkondo nikauandika mwongozo mpya ubaoni, nikawaeleza wanafunzi kilichotokea na sababu zake, nikawaomba radhi. Sikupoteza heshima yao kama nilivyohofia. Wiki iliyofuata wanafunzi wanane walikuja na karatasi zao kuuliza kuhusu maswali mengine, kila mmoja akiwa ameunakili mwongozo ule daftarini na kuhesabu mwenyewe hoja alizozipata na alizozikosa. Watano kati yao walikuwa wamejihesabia sawasawa na nilivyowahesabia. Wengine watatu tulikaa nao tukazisoma hoja moja moja, na mmoja wao alikuwa sahihi, mimi nilikuwa nimeiruka sentensi yake ya mwisho.